Nyayo za Kuku wa Luhaga

Ngulyati, 5 Mei 2025

Mwanangu Joyceline,

Mwangaluka mayu, umeamkaje mama. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi lakini mdomo hauna shida.

Nakuandikia barua kwa sababu simu siitaki. Kwenye simu wewe unanikatisha. Nikisema neno moja umeshasema matatu, halafu salio linaisha ndio unasema samahani baba. Kwenye barua hakuna wa kunikatisha. Mimi kuandika nilijifunza kisomo cha watu wazima mwaka 1974 na nikawa wa pili darasa zima, na yule wa kwanza alikuwa anaibia, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Barua nampa Maige wa gari la Mwandoya, na wewe jibu umpe huyohuyo.

Habari kubwa ni hii. Nafuga tena.

Unajua tangu ukame ule ulipomaliza ng'ombe wangu watu wa hapa wameanza kuniita mzee. Mzee Luhaga. Zamani waliniita mfugaji. Kikao cha malisho siitwi. Mnadani wakiniona wananiuliza, mzee umekuja kutembea? Nimelimeza hilo miaka mitatu, sasa basi. Nimeleta vifaranga mia mbili wa kuku wa nyama, walifika tarehe 23 mwezi wa nne. Banda nimelijenga palepale lilipokuwa zizi, bati juu, wavu pembeni, turubai la kuzuia mvua. Kazi yangu mwenyewe, na fundi mmoja wa kunishikia misumari.

Sikiliza sasa. Pentekoste tarehe 8 Juni parokia yetu inatimiza miaka hamsini. Kamati ikauliza nani atatoa kitoweo. Constantine jirani yangu akasimama na suti yake ile akasema atatoa kuku sitini. Na mimi nikasimama. Nikasema Constantine kaa chini, mimi Luhaga natoa mia na hamsini, peke yangu, na hawatakuja kwenye masufuria, watakuja hai, siku ya misa, kwenye matoleo, akina mama na vijana wa jumuiya zote wawabebe mpaka altareni. Ukumbi mzima uligeuka kuniangalia. Hata padre aliandika.

Matandiko nimeweka majani ya mpunga, yale marefu, nimetandika mara moja na sitayagusa mpaka siku ya mwisho. Wewe ulilikuta zizi la babu yako. Samadi ilifika magotini. Mgeni akifika anaangalia kwanza kina cha samadi ndipo anasalimia. Anayefagia zizi lake anatangaza umaskini. Basi na langu litakuwa hivyo.

Sikuombi ushauri. Nakuarifu tu.

Ni mimi baba yako,
Luhaga, Mfugaji wa Ngulyati

*

Mwandoya, 9 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Barua nimeipokea kwa Maige jana mchana, nikaisoma nimesimama palepale stendi. Nilicheka mpaka Maige akaniuliza kama kuna harusi. Nimefurahi sana kusikia unafuga tena. Nasema kweli. Sauti yako ya miaka hii mitatu sikuwa naipenda.

Najua umesema nisishauri. Lakini mimi ndiye afisa mifugo wa kata hii, baba, wanawake wananisimamisha njiani na kuku kwapani, wasiojua hata jina langu. Nitawajibu hao wote halafu ninyamaze kwa baba yangu? Vumilia kidogo. Na wewe kwenye barua huwezi kunikatisha.

Ng'ombe ana kwato. Kuku anakanyaga kwa ngozi. Na hawa kuku wa nyama wananenepa haraka kuliko miguu yao, uzito wote unakalia nyayo mbili laini kama kiganja cha mtoto mchanga. Akisimama juu ya unyevu siku nzima ile ngozi inalainika, samadi inaiunguza, inakuwa nyeusi, mwisho inachimbika kidonda. Majani marefu ya mpunga yanashikana juu kama mkeka na kuficha maji chini. Afadhali pumba za mpunga au maranda ya seremala, umwage unene wa kiganja, ugeuze kila asubuhi kwa reki, na palipolowa karibu na vyombo vya maji uzoe, utupe, uweke pakavu.

Bado ni wadogo. Ukianza wiki hii hakuna kitakachoharibika.

Niruhusu nije Jumamosi niwaone. Mama mwambie goti alikande kwa maji ya moto, asilisimulie kwa majirani.

Mtoto wako,
Joyceline

*

Ngulyati, 14 Mei 2025

Mayu Joyceline,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikuwa natafuta heshima.

Unanifundisha mimi mnyama? Mimi niliyezalisha ndama aliyetanguliza mgongo, kwa mkono wangu huu, daktari wa wilaya akiwa amesimama pembeni ameshika daftari? Ng'ombe na kuku wote ni mifugo. Wote wanakula, wananyea, wanakua. Mungu hakuumba akili mbili za kufuga.

Hilo jambo la reki Constantine analifanya. Kila asubuhi anageuza maranda yake kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Watu wanapita barabarani wanamwona mwanaume mzima, mwenye wajukuu, anachana sakafu nywele. Mimi hapana.

Nikueleze kuku wangu walivyo ili uache wasiwasi. Wana adabu. Wale wa Constantine wanakimbia ovyo, wanarukiana, ukiingia wanakutimulia vumbi la maranda. Wa kwangu wamekaa. Ukiingia hawanyanyuki, wanakuangalia tu kama wazee wa baraza. Nikiweka chakula wanakwenda taratibu, hatua moja wanatulia, hatua nyingine wanatulia, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Matandiko yameshikana juu, magumu, unatembea kama kwenye sakafu ya saruji. Na harufu, mayu! Juzi katekista aliingia akatoka anafuta machozi. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya mali, umeisahau. Mama yako anasema chini ya miguu wamekuwa weusi, kama wamevaa viatu. Nikamjibu hao ni kuku wa Ngulyati, wanavaa.

Jumamosi usije. Jumamosi nina kikao cha jubilei. Nimewekwa mbele, kiti cha pili kutoka kwa padre.

Ni mimi baba yako,
Luhaga, Mfugaji wa Ngulyati na Mtoa Kitoweo wa Jubilei

*

Mwandoya, 17 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Naandika haraka, Maige ananipigia honi.

Kuku wa wiki tatu na nusu hana adabu. Akitulia hivyo anaumwa. Anakaa kwa sababu kusimama kunamuuma. Anatembea hatua moja na kutulia kwa sababu hiyo hiyo. Harufu iliyomliza katekista ni hewa ya kinyesi cha kuku kilicholowa, ni kali, inawaunguza macho na wao. Na hivyo siyo viatu.

Nakuomba jambo moja tu. Mshike kuku mmoja, mgeuze, mwoshe wayo kwa maji safi, uangalie. Mmoja tu, baba.

Jumamosi ijayo nakuja hata kama una kikao.

Joyceline

*

Ngulyati, 20 Mei 2025

Joyceline,

Usije.

Ukija watu watasema Luhaga ameshindwa kuku ameita serikali. Kamati imenipa kiti, wewe unataka kuja na gambuti zako za ofisini unipindulie kiti. Mimi sijawahi kumbinua ng'ombe kumwangalia kwato ili nijue ni mzima. Namwangalia machoni. Kuku wangu nimewaangalia machoni.

Na nikukumbushe jambo. Wewe hicho cheti hukukiokota njiani. Ng'ombe wangu ndio walikusomesha. Kila muhula ng'ombe mmoja alitoka zizini akaenda mnadani, na watu walinicheka, walisema Luhaga anamalizia mali kwa mtoto wa kike ambaye angemletea yeye ng'ombe wa mahari. Nikawaambia nyamazeni. Leo mtoto huyo ananiambia sijui kufuga.

Mama yako anakusalimu. Mimi leo sikusalimu.

Luhaga, Mfugaji

*

Mwandoya, 22 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Sawa. Siji.

Ni kweli ng'ombe wako walinisomesha. Sijasahau hata mmoja. Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda aliuzwa nilipoingia kidato cha tano, na nilikuona ulivyomsindikiza mpaka njia panda. Uliwapeleka mnadani ili mimi nijue usichokijua wewe. Sasa nimekijua, na unaniambia ninyamaze. Hapo ndipo sielewi.

Neno la mwisho, halafu ninanyamaza kweli. Siku ya Pentekoste watu watawabeba kuku kama tunavyobeba kuku wote, kwa miguu, kichwa chini. Nyayo zitakuwa juu. Watapita katikati ya kanisa, na pande zote mbili watu wamesimama.

Mtoto wako,
Joyceline

*

Ngulyati, 26 Mei 2025

Mwanangu Joyceline,

Mwangaluka. Leo nakuandikia habari za Constantine.

Constantine amepatwa na jambo, mimi nimeliona kwa bahati tu. Jana baada ya misa aliingia bandani kwake peke yake akafunga mlango. Akamshika kuku mmoja akampakata, akamgeuza. Nyayo zilikuwa nyeusi, akadhani tope. Akachukua maji ya kunywa ya kuku akaosha. Halikuwa tope. Katikati ya wayo palikuwa na ganda jeusi, akaligusa kwa kidole, kuku akavuta mguu na kutoa sauti ndogo, sauti ambayo Constantine hakujua kwamba kuku wanayo. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu. Alipofika wa ishirini aliacha. Wanne tu ndio walikuwa safi.

Akafukua matandiko kwa jembe. Juu pagumu, chini maji. Mvuke ulimpiga macho, akatoka nje akakaa juu ya ndoo. Alikaa mpaka mkewe akaja kumwita chakula na hakwenda.

Wewe humjui vizuri Constantine. Ni mtu aliyewahi kukaa zizini siku tatu na ndama mgonjwa. Hajawahi kumwona mnyama anaumwa akapita. Sasa hawa wameumwa mbele ya macho yake, na yeye ameita watu kuja kuwasifia. Hilo ndilo linalomkata. Kiti cha kamati hakikumbuki hata kidogo, au anakikumbuka lakini kwa nyuma.

Anauliza, je, wanapona? Na zimebaki siku kumi na tatu. Mimi namuulizia tu, maana yeye hana mtoto afisa.

Ujibu haraka. Maige nimemwambia akusubiri hapohapo.

Kuku wangu hawajambo.

Luhaga

*

Mwandoya, 26 Mei 2025, jioni

Baba, shikamoo.

Mpe pole sana Mzee Constantine. Mwambie mtu anayemgeuza kuku mmoja mmoja na kumwosha miguu kwa mikono yake, huyo ndiye mfugaji. Wengi ninaowafahamu hawajafika hata kwa wa pili.

Asikimbilie dawa dukani. Dawa ni ukavu. Awasogeze kuku wote upande mmoja wa banda, wa pili autoe matandiko yote mpaka udongo uonekane, aache upepo upite, halafu amwage pumba kavu. Kisha awahamishie huko na afanye upande uliobaki. Pumba za mpunga asizitafute mbali, wenye mashine za kukoboa Bariadi wanazirundika nyuma wanashukuru ukizichukua. Vyombo vya maji avinyanyue vifike usawa wa mgongo wa kuku, wasimwage. Turubai alikunje mchana, alishushe mvua ikija tu. Halafu reki, kila asubuhi. Reki haina njia ya kuikwepa, mwambie.

Na umwambie ukweli huu asije akategemea kisichokuwepo. Wenye ganda dogo watapona, ngozi inarudi. Wenye kidonda kilichozama hawatapona kwa siku kumi na tatu. Watapata nafuu, watatembea, lakini alama itabaki na itaonekana.

Sitakuja mpaka aniite. Lakini simu yangu iko wazi na Maige yupo kila siku.

Mtoto wako,
Joyceline

*

Ngulyati, 3 Juni 2025

Mayu Joyceline,

Mwangaluka sana mayu, na leo nakusalimu mara mbili kwa ile siku niliyokunyima.

Yule Constantine niliyekuandikia siye Constantine. Ulijua. Uliniheshimu kwa kutosema, na nimeiona heshima hiyo, hii haikuhitaji kusomwa mara ya pili.

Nimetoa matandiko siku tatu. Mimi na toroli na mama yako na goti lake. Nilidhani yatakuwa mizigo ishirini, ikawa mingi mpaka fundi yule wa misumari akaja kusaidia bila kuitwa, kwa sababu ya harufu, alisema. Kulichimba zizi mchana kweupe, mbele ya barabara, hilo mayu siwezi kukwambia lilivyo. Kila toroli nililotoa niliona kama baba yangu amesimama pale anahesabu.

Siku ya pili Constantine akapita. Huyu sasa ni Constantine mwenyewe. Akasimama kwenye uzio.

"Luhaga, unahama?"

"Napeleka samadi shamba la pamba."

"Mwezi wa tano?"

"Mimi najiandaa mapema. Wewe endelea na safari yako."

Akaangalia toroli. Akaangalia banda. Akaondoka haraka, nikamwambia mama yako huyo anakwenda kutangaza, kufikia saa nane Ngulyati nzima itajua. Mama yako akasema, "Basi kazana, wakija wakute umemaliza."

Hakwenda kutangaza. Alirudi anasukuma toroli lake, juu magunia manne ya maranda na reki mbili. Bila suti. Akasema, "Ngosha, mwanaume mwenzangu, shika hii. Wa kwangu walikuwa hivyohivyo kundi la kwanza. Nilipoteza nusu."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia mwaka juzi kwamba nimeanza kuku, tuanze wote. Nilikaa hapa kwako saa nzima. Wewe ulikuwa unaangalia zizi tupu, hukunijibu hata salamu."

Mayu, sikumbuki hata kidogo siku hiyo. Lakini mama yako anasema ni kweli, alimpikia na chai.

Basi tukafanya kazi. Pumba nimezifuata Bariadi, magunia kumi na manane. Sasa nageuza kila asubuhi, na nikwambie, nageuza vizuri kuliko Constantine. Yeye anavuta kila upande kama anatafuta sindano. Yangu imenyooka mistari kama shamba la serikali. Watu wanasimama barabarani kuangalia na mimi siendi haraka.

Jana nilipofungua mlango waliniruka. Mmoja alinipiga bawa usoni, wengine walipita katikati ya miguu yangu, wakanijaza vumbi mpaka kwenye masikio. Wamekosa adabu kabisa. Nilisimama pale nacheka peke yangu, mama yako akaja mbio akidhani nimeanguka.

Lakini siyo wote, kama ulivyosema. Kuna ambao wanatembea bado kwa hesabu. Hao nimewatengea kona yao yenye pumba nene zaidi. Nikiwageuza nakuta pale katikati bado peusi.

Nimeahidi mia na hamsini mbele ya padre. Sijui bado nitafanya nini. Usiniambie. Hili siyo la afisa, ni la kwangu.

Baba yako,
Luhaga

*

Ngulyati, 9 Juni 2025

Mwanangu Joyceline,

Mwangaluka mayu. Jubilei imekwisha, nimelala mpaka jua limeingia dirishani, jambo ambalo sijalifanya tangu nioe.

Nianze Ijumaa. Nimemgeuza kila kuku mmoja mmoja. Walikuwa mia na tisini na watatu, wengine walikufa bado vifaranga. Wenye nyayo safi, ngozi imefunga vizuri, walikuwa themanini na wanne. Sikukosea, nilihesabu na mama yako naye akahesabu, na yeye huwa hanionei huruma kwenye hesabu.

Jumamosi asubuhi akaja Perpetua, yule mkuu wa jiko la parokia. Nikamweleza. Akanicheka. Akasema, "Mzee Luhaga mbona unajitesa? Nyama yao ni nzuri, wamenona kuliko wa Constantine. Tuwachinje hapahapa leo, miguu tukate tutupe, kesho waje kwenye masufuria. Nani ataona nyayo?"

Sikudanganyi, nilifikiri. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Mia na hamsini yangu ingetimia, kiti changu kingebaki, na padre angesoma jina langu peke yake. Perpetua alikuwa tayari ameshika kisu.

Nikatoka nikaenda bandani. Nikawaangalia wale wa kona. Nikajiambia, Luhaga, hawa wameumia kwa ajili ya mdomo wako, na sasa unataka kuwakata miguu ili mdomo huohuo uendelee. Nikarudi nikamwambia Perpetua, "Asante mayu, weka kisu." Akasema nimezeeka. Nikasema hilo nalo ni kweli.

Halafu nikavaa viatu nikaenda kwa Constantine. Hatua zile mia mbili kutoka kwangu mpaka kwake ndizo ndefu kuliko zote nilizotembea, na mimi nimewahi kuswaga ng'ombe mpaka Shinyanga kwa miguu. Nikamwambia, "Constantine, wale sitini niliokukalisha nao chini kwenye kikao, bado unao?" Hakuniuliza kitu. Alisema, "Niliwaweka tu. Nilikuwa najua utakuja, au nilikuwa naomba uje, sijui ni lipi."

Jana kanisani. Mayu, watu walijaa mpaka nje, wengine wamepanda kwenye madirisha. Wakati wa matoleo nikatangulia mimi mbele, kuku wawili mkono huu, wawili mkono huu, kichwa chini na nyayo juu kama ulivyosema, na nilizinyanyua juu zaidi ya ilivyo lazima. Nyayo za njano, safi, kama zimepakwa mafuta. Nyuma yangu Constantine, nyuma yake akina mama na vijana. Kuku wanapiga kelele kuliko kwaya.

Tulipofika mbele, padre akanyoosha mkono kupokea. Mimi sikumpa. Nikageuka kwa watu. Sikupanga, au nilipanga, mama yako anasema niliongea peke yangu kitandani. Nikasema:

"Niliwaambia mia na hamsini. Hapa kuna mia na arobaini na wanne. Sitini ni wa Constantine. Wangu ni themanini na wanne tu. Wengine wapo nyumbani, nyayo zao zina vidonda, na aliyewatia vidonda ni mimi. Niliwalaza kwenye maji nikaita mali. Niliambiwa na mtu anayejua, nikamfukuza kwa barua. Nimesema."

Kuku wakaendelea na kelele zao. Nikaona sasa kiti kimekwenda, basi na kiende. Halafu bibi mmoja kule nyuma, mjane, akauliza kwa sauti, ndani ya misa, "Sasa walipona kwa kitu gani hao themanini?" Na mimi nikamjibu palepale, "Kwa pumba kavu na reki kila asubuhi!" Padre akacheka mpaka akashika altare. Vigelegele vikapigwa, mayu, vigelegele ambavyo sikusikia hata siku ya ndoa yangu.

Nakwambia, watu wa hapa wamesimama mbele ya kanisa lile miaka hamsini kutoa shukrani, kutoa michango, kutoa matangazo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akasema nilikosea. Mimi ni wa kwanza. Constantine hataweza kunifikia hapo hata akikosea vipi.

Baada ya misa sikula vizuri, walinizunguka. Huyu anauliza pumba kiasi gani, huyu anauliza maji, huyu kuku wake wamekaa tu wiki nzima na alidhani ni wapole. Nikamwambia huyo, kambinue mmoja leo hii, usingoje kesho. Kikao cha malisho nacho kimeniita Alhamisi, eti nikaseme neno kuhusu kuku. Nimewajibu nitaangalia nafasi.

Jumamosi hii wanakuja kwangu watu kumi na mmoja na madaftari. Wale wa kona watakuwepo, sitawaficha, nitawageuza mbele yao mmoja mmoja waone peusi palivyo. Nimewaambia mwalimu anatoka Mwandoya na Maige atamleta saa tatu. Nitaongea mimi kwanza, na nikikosea utanikatisha.

Wakaniuliza huyo mwalimu ni nani. Nikasema ni afisa mifugo, msomi, mkali, hapendi kuchezewa. Nilitaka niishie hapo, sikuweza. Nikawaambia, huyo nimemzaa mimi.

Baba yako,
Luhaga